Miaka 64 kwenye bunge la jimbo: Fred Risser wa Wisconsin alikaaje muda wote huo bila kung'olewa?

#1 Chuma cha Reli
Wakuu, salaam.

Kuna mzee wa Kimarekani anaitwa Fred Risser, Democrat wa jimbo la Wisconsin. Kazaliwa Mei 1927. Aliingia baraza la chini la bunge la jimbo Januari 1957 akiwa na miaka 29, akahamia Seneti ya jimbo 1962, akatoka Januari 2021 akiwa na miaka 93. Hesabu mwenyewe: miaka 64 mfululizo. Hakuna mtunga sheria mwingine Marekani, wa jimbo wala wa taifa, aliyewahi kukaa muda mrefu hivyo.

Sasa watu wanamsifia hekima, uadilifu, sijui nini. Mimi nasema kile ni kiti cha dezo tu. Jimbo lake la uchaguzi ni katikati ya Madison, mji mkuu wa Wisconsin: chuo kikuu, wafanyakazi wa serikali, maprofesa. Pale Democrat ukisimamisha hata mgomba unapita. Anayebisha aje na hoja.

#2 Kadogoo
1957!! Huo ndio mwaka Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kupeleka watu wao LegCo, baraza la kutunga sheria la wakati wa ukoloni. Tom Mboya aliingia hapo. Moi alikuwa ameteuliwa 1955, akatetea kiti chake katika kura hiyo hiyo. Moi akaja akawa makamu, akawa rais miaka 24, akastaafu, akazikwa Februari 2020, na huyu mzee bado yuko ofisini anasoma miswada. Wueh.

#3 Mla Mbivu
Mleta uzi umepotosha. Rekodi ni ya John Dingell wa Michigan. Hii iko wazi kabisa.

#4 Chuma cha Reli
#3 Dingell alikaa Congress ya Washington kuanzia Desemba 1955 hadi Januari 2015. Miaka 59. Hiyo ni rekodi ya Congress. Toa 59 kwenye 64 halafu urudi.

#5 Mla Mbivu
Bunge la jimbo nalo ni bunge? Lile ni kama baraza la madiwani lenye tai.

#6 Shangazi Wema
Baraza la madiwani haliwezi kukamata bajeti ya magereza, ya shule zote za jimbo na ya chuo kikuu, mdogo wangu. Marekani ukitaka kujua nani anaamua ada yako, leseni yako na mpaka wa wilaya yako, usitazame Washington.

Nimesoma Madison, na kabla hujauliza nimeendaje kule, Kiswahili kinafundishwa pale tangu miaka ya 1960, na historia ya Afrika aliifundisha pale Jan Vansina. Watu wetu wamepita wengi. Nilikuwa napanga chumba ndani ya eneo la Risser kwa hiyo haya nayasema nikiwa nayajua mazingira.

Hoja ya "kiti cha dezo" haikamiliki. Ni kweli Republican pale hana chake, na mara kadhaa mzee alipita bila kupingwa kabisa kwenye uchaguzi mkuu. Lakini kwenye ngome ya chama kimoja, hatari haitoki nje. Inatoka kwenye mchujo, kwa kijana wa chama chako mwenyewe anayesema wewe umezeeka. Madison imejaa vijana wa namna hiyo, kila mmoja na baiskeli na ilani yake. Alipotangaza Machi 2020 kwamba hagombei tena, unajua walijitosa wangapi kwenye mchujo wa Democrat? Saba. Akashinda Kelda Roys. Maana yake waliokitaka kile kiti walikuwepo siku zote. Kwa nini hawakumvaa akiwa bado amekikalia? Hilo ndilo swali la kujadili.

#7 Kipara Ngoto
Jibu jepesi: jina la ukoo. Babu wa mama au wa baba, sikumbuki, naye alikuwa mbunge. Pale ilikuwa usultani.

#8 Mwana wa Vikokotoni
#7 si babu peke yake. Mie ukoo huu nliusoma kidogo. Baba wa babu, Clement Warner, alikuwa afisa wa jeshi la Kaskazini vita vya wenyewe kwa wenyewe, akapoteza mkono huko huko vitani, akarudi akaingia bunge la jimbo. Babu, Ernest Warner, akaingia 1905. Hao ni ukoo wa mama, ndo maana jina si Risser. Baba yake, naye Fred Risser, alikuwa Seneti kuanzia 1937 mpaka 1949. Kisha yeye.

Lakini tazama vyama: wa kwanza aliitwa Unionist, wa pili Republican, wa tatu Progressive, wa nne Democrat. Sultani gani anabadilisha bendera kila kizazi? Na baba alipoondoka hakumwachia mwanawe kiti. Alishindwa uchaguzi wa 1948 na kijana anaitwa Gaylord Nelson, huyo aliyekuja kuwa gavana, kisha seneta wa Washington, akaanzisha Siku ya Dunia 1970. Miaka minane baadaye mtoto wa aliyeshindwa anagombea kwa chama cha aliyeshinda. Hiyo mie naiita akili.

#9 Kipara Ngoto
Bado ni jina. Mpiga kura akifika kwenye karatasi akaona Risser, mkono unakwenda wenyewe. Vyama vinabadilika, jina liko pale pale. Hata hivyo umeniongezea nyama kwenye hoja, ahsante.

#10 Dereva wa Lori
Niko Marekani naendesha malori, Wisconsin napita sana barabara ya I-90. Wakuu mnasahau kitu kimoja rahisi: sheria haimkatazi. California waliweka ukomo wa vipindi 1990 kwa kura ya wananchi, na kila mtu anajua ile ilimlenga Willie Brown aliyekuwa spika tangu 1980. Michigan wakaweka 1992. Wisconsin hawajawahi kuweka. Mtu asipowekewa ukomo na afya anayo, atatoka kwa nini?

Halafu mshahara kule, mzee akielekea kutoka, ulikuwa kama dola 50,000 kwa mwaka. Mimi na lori langu namzidi. Nani mwenye akili atang'ang'ania kupindua mtu kwa pesa hiyo?

#11 Kadogoo
#10 hapo kwa mshahara umenifungua macho. Sisi kwetu mshahara wa mbunge ndio kampeni yenyewe. Ungekuwa mdogo hivyo, Bunge la Nairobi lingejazwa na walimu wastaafu peke yao 😂

#12 Nyota ya Jaha
Pesa ndogo lakini nguvu kubwa. Huyu mzee alikuwa kwa miongo ndani ya tume ya ujenzi ya jimbo. Hiyo ndiyo inayopitisha nini kinajengwa kwa mkopo wa serikali: maabara za chuo, magereza, ofisi. Na eneo lake ndilo lenye chuo kikuu na makao ya serikali! Unamtoa mtu wa hivyo ili umweke nani, mgeni akae kiti cha nyuma akijifunza njia ya msalani? Kuna jengo la serikali pale Madison linaitwa Risser Justice Center, wizara ya sheria ya jimbo imo humo. Nenda ukajionee.

#13 Mla Mbivu
Mnamsifia kwa majengo. Semeni sheria. Miaka 64 ametunga nini?

#14 Shangazi Wema
#13 marufuku ya sigara sehemu za kazi, baa zikiwemo. Ilipita 2009, ikaanza kutumika tarehe 5 Julai 2010. Alikuwa akiipigania hoja ya hewa safi tangu miaka ya 1980, wakati wenzake wanavuta humo humo bungeni.

Wakati ule nilikuwa nafanya kazi ya jioni kwenye baa moja karibu na ziwa, nje kidogo ya mji wa Madison. Kabla ya sheria, nikirudi usiku koti nalitundika nje kwenye ngazi, ndani haliingii, na nywele naosha hata kama ni baridi ya kukata masikio. Mwenye baa akaapa kwamba atafilisika mwezi huo huo. Siku ya kwanza tulikusanya visahani vya majivu vyote, tukavipanga kwenye maboksi ya bia, akaniambia niyaweke stoo ya chini "kwa muda, watairudisha tu." Nimeondoka Madison maboksi yako pale. Wavutaji walihamia barazani na makoti yao, na mauzo hayakufa.

#15 Mtaalamu wa Bure
Samahani kwa kuchelewa kuingia. Mnaacha jambo tamu kuliko yote: kesi zake na gavana.

Wisconsin gavana ana kura ya turufu ya ajabu. Tangu 1930 katiba inamruhusu kukataa sehemu ya muswada wa matumizi na kupitisha sehemu. Wazo lilikuwa zuri. Magavana wakaanza kuminya: leo anakata aya, kesho anakata neno, keshokutwa anakata herufi moja moja! Chukua daftari la mkopo la dukani kwa Mangi, lina kurasa zako zote za madeni, kisha Mangi akuambie sikuandika kitu, nimefuta tu, ila sasa linasomeka kwamba nyumba ni yangu. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1987 Tommy Thompson alikata sehemu 290 kwenye bajeti moja.

Risser wakati huo ndiye rais wa Seneti. Seneti ikaenda mahakama ya juu ya jimbo, ikashindwa 1988. Wananchi wakabadilisha katiba 1990, gavana asiunde tena neno jipya kwa kufuta herufi. Risser akaenda mahakama za shirikisho, akashindwa tena 1991 mbele ya jaji Posner. Akakaa. 1997 akarudi na kesi nyingine, Risser dhidi ya Klauser, na safari hiyo akashinda: gavana hawezi kufuta kiasi cha pesa na kuandika kidogo zaidi ila kama kiasi hicho ni fungu lenyewe la pesa lililotengwa litumike.

Kutoka 1987 hadi 1997 ni miaka kumi. Mbunge wa vipindi viwili angekwisha kusahaulika. Sababu ya kukaa mimi naiona hapo: kuna ugomvi ambao bila mtu mwenye subira ya miaka kumi haushindwi.

#16 Dereva wa Lori
#15 na bado haujaisha. 2023 gavana Tony Evers, tena Democrat mwenzake, alipewa kifungu cha kuongeza dola 325 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kwa miaka miwili ya masomo, wa mwisho ukiwa 2024-25. Akafuta maneno, akafuta ile 20 na kistari, ikabaki 2425. Kwa hiyo nyongeza inadumu hadi mwaka 2425. Miaka 400! Mahakama ya juu ya jimbo ikasema ni halali, Aprili 2025.

#17 Kadogoo
Kafuta kistari tu akapata miaka 400. Na sisi tulihangaika na BBI, ule mpango wetu wa kubadilisha katiba.

#18 Mtaalamu wa Bure
Ndiyo hapo. Kwa hiyo Risser alishinda kwenye tarakimu za pesa, tarakimu za miaka zikabaki na mlango wazi. Anayetaka kusema "subira ya miaka kumi haikumfaa" aseme, ana haki.

#19 Kipara Ngoto
Nasema. Haikumfaa. Na sheria ya 1849 ya kutoa mimba? Aliwasilisha muswada wa kuifuta mara kwa mara, haukupita. Imekuja kuzimwa na mahakama Julai 2025, yeye keshaondoka zamani.

#20 Shangazi Wema
#19 hakupitisha kwa sababu hakuwa na kura. Upinzani ndani ya bunge la jimbo si kazi ya kushinda, ni ya kuzuia na kusubiri. Sasa ngoja niwaletee 2011, maana nilikuwepo.

Novemba 2010 Republican walichukua kila kitu: gavana Scott Walker, mabaraza yote mawili. Februari 2011 Walker akaleta muswada wa kuwanyang'anya wafanyakazi wengi wa umma sehemu kubwa ya haki ya kujadiliana mikataba kupitia vyama vyao. Seneti ina viti 33. Republican 19, Democrat 14. Kura ya kupitisha wanayo, ila muswada unaogusa pesa unahitaji akidi ya maseneta 20 ukumbini. Unaona kinachokosekana? Mmoja!

Tarehe 17 Februari wote 14 wakapanda magari wakavuka mpaka kuingia Illinois, ambako polisi wa Wisconsin hawana mamlaka. Risser alikuwa mmoja wao, miaka 83. Polisi wa barabarani walitumwa majumbani kwao kuwatafuta. Wakakaa hotelini na kwa watu zaidi ya wiki tatu.

Sisi tulikuwa ndani ya jengo la bunge. Ngoma usiku na mchana chini ya kuba, walimu, zimamoto na vifaa vyao, wanafunzi wamelala kwenye marumaru wamefunika nyuso na skafu. Mabango yamebandikwa ukutani kwa gundi ya karatasi ile ya bluu ya wapaka rangi, kwa sababu waliambiana wasiharibu jiwe. Pizza ilikuwa inaingia kutoka mgahawa wa State Street, imelipiwa kwa simu na watu wa nje ya nchi ambao hatuwajui. Nimekula kipande kimoja, kwenye boksi kimeandikwa kwa kalamu jina la nchi iliyolipa. Mimi ile picha ya bunge sijawahi kuiona tena popote.

#21 Mla Mbivu
Kwa hiyo mbunge mwenye miaka 83 akatoroka kazini wiki tatu na mnampigia makofi. Mlinzi wa zamu akitoroka anafukuzwa.

#22 Nyota ya Jaha
#21 swali halali kabisa, na Republican waliuliza hivyo hivyo. Lakini akidi imewekwa kwenye katiba ili itumike. Na mwisho wa habari? Tarehe 9 Machi Republican walivitoa vifungu vya pesa ndani ya muswada, akidi ya 20 ikawa haihitajiki tena, wakapitisha 18 kwa 1. Aliyekataa ni Republican mwenzao, Dale Schultz. Walker akasaini tarehe 11, wale 14 wakarudi kesho yake wakapokewa na umati. Umati mkubwa na sheria imeshapita. Mimi sijui hata niite nini hiyo.

#23 Mwana wa Vikokotoni
Uite uchaguzi wa kuitana nyumbani. Kiangazi kile kile maseneta 9 waliitishiwa kura ya kuwaondoa, Republican 6 na Democrat 3. Wakang'oka Republican wawili. Juni 2012 Walker naye akaitishiwa, akashinda. Hapo hapo Democrat wakapata kiti kimoja kilichowapa wingi Seneti Julai 2012.

#24 Dereva wa Lori
#23 wingi wa kiti kimoja bunge likiwa limeshafunga vikao vyake! Januari 2013 ukapotea. Walishinda funguo za nyumba iliyobomolewa.

#25 Chuma cha Reli
Nafurahi uzi umechangamka. Naona sababu zinashindana: kiti salama, jina, kukosekana kwa ukomo, tume ya ujenzi, subira. Lakini hakuna aliyegusa mipaka. Mwaka 2011 huo huo Republican walichora mipaka ya majimbo ya uchaguzi upya na wapiga kura wa Democrat wakarundikwa kwenye maeneo machache. Madison ikawa mojawapo ya marundo. Kwa hiyo miaka kumi ya mwisho ya Risser, adui zake ndio waliokuwa wanamlinda. Ramani mpya zilisainiwa Februari 2024, yeye hayupo. Narudi pale pale: kiti cha dezo.

#26 Shangazi Wema
Narudi pale pale nami: hiyo inaeleza 2011 hadi 2021. Inaeleza 1962? Kiti cha Seneti kilifunguka kwa sababu Horace Wilkie aliteuliwa kuwa jaji wa mahakama ya juu ya jimbo, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Hiyo ni bahati na kuwa tayari mlangoni. Ramani ya 2011 haina mkono hapo.

#27 Kadogoo
Niulize kama mjinga. Magavana wangapi alifanya nao kazi?

#28 Mtaalamu wa Bure
Kumi na watatu. Thomson, Nelson, Reynolds, Knowles, Lucey, Schreiber, Dreyfus, Earl, Thompson, McCallum, Doyle, Walker, Evers. Thompson peke yake alikula miaka 14.

#29 Kipara Ngoto
Na upande wa pili wa sarafu ni Michael Madigan wa Illinois, jirani kabisa. Baraza la chini 1971 hadi 2021, spika karibu miaka 36. Juni 2025 kahukumiwa miaka 7 na nusu jela kwa rushwa iliyohusu kampuni ya umeme. Naye hakuwa na ukomo, naye alikuwa na ngome, naye alikuwa na subira. Kwa hiyo sababu zenu zote zinamzaa Risser na zinamzaa Madigan pia. Elezeni tofauti.

#30 Mwana wa Vikokotoni
Tofauti ni kwamba Madigan alikuwa na ufunguo wa pesa za kampeni za kila mbunge wa chama chake. Risser alikuwa rais wa Seneti vipindi kadhaa, lakini urais wa Seneti kule ni kuendesha kikao na kugonga rungu. Anayepanga mambo ni kiongozi wa walio wengi. Nguvu ya kumtisha mtu hakuwa nayo.

#31 Nyota ya Jaha
#30 au hakupewa. Hatujui angefanya nini akiipata.

#32 Mla Mbivu
Hatimaye mtu mmoja anaongea. Mzee alikuwa msafi kwa sababu hakuna aliyemletea bahasha. Tume ya ujenzi mnaisahau lakini, #12 kasema mwenyewe kwamba ilikuwa nguvu kubwa. Amueni.

#33 Nyota ya Jaha
Tume ile ina watu wanane, gavana ndani yake na wabunge wa mabaraza yote mawili, wa vyama vyote. Bahasha moja haitoshi, unahitaji nane. Sijasema haiwezekani, nasema ni ghali.

#34 Dereva wa Lori
Leo nalala Janesville, kesho asubuhi nashusha mzigo Madison. Kama kuna anayetaka picha ya lile jengo la #12 aseme mapema, maegesho ya lori mjini kule ni taabu.

#35 Kipara Ngoto
Piga picha mlangoni jina lionekane vizuri. Halafu waambie akina Shangazi waje wasome tena #9.